Kahawa ya Udugu na Ugonjwa wa Shingo

Shaka iliyoninyima usingizi kwa majuma matatu ilikuwa hii: kwamba mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa. Kila mtu pale Bugene, Karagwe, alikuwa na mtuhumiwa wake. Wengine walishtaki upepo wa ziwani, wengine mchawi wa ng'ambo ya mto, wengine hasira za wazee waliokufa bila kuombwa ruhusa ya kujenga shule. Mimi nilijishtaki mwenyewe, mwalimu msaidizi, kijana niliyefuzu shule ya serikali ya pwani kwa hesabu, hati nzuri na tabia isiyo na doa.

Ushahidi ninao. Nilikuwa nimetumwa Bukoba kuchukua chaki na vibao vya kuandikia. Nikalala katika kambi ya wapagazi, na humo mlikuwa na mpagazi mmoja amelala chali, shingo imekakamaa, akilia kwamba mwanga wa jua unamchoma macho. Nilimpa maji kwa kata yangu. Kisha, kwa kuwa nami nilikuwa na kiu, nikainywea kata ileile. Nikarudi Karagwe kwa miguu, siku tano, mzima wa afya, ila koo liliniwasha kidogo. Siku ya nne baada ya kufika kwangu, mwanafunzi wa kwanza akashikwa na homa, shingo ikakataa kuinama, na siku ya tatu ya homa akafa.

Ningeweza kuishia hapo na kujihukumu. Lakini akili yangu haijui kuishia. Nilikumbuka pia kwamba msafara wa wauza ngozi ulipita juma lilelile na kulala karibu na kisima chetu. Nilikumbuka kwamba marehemu alikuwa ametoka kwao kwenye arusi. Tena, kama mimi ndiye mwenye ugonjwa, mbona siugui? Na kama siugui, ninaubebaje? Kila nilipomaliza kujiachilia huru, nilijikamata upya, na kulipopambazuka nilikuwa mshitaki, mshitakiwa na kadhi, wote tumechoka.

Inafaa nieleze tulivyokuwa tunaishi. Serikali ya Wajerumani ilitaka makarani, na watawala wa Karagwe walitakiwa kutoa vijana wao wafundishwe kusoma, kuandika na kusimama wima. Wakaja vijana ishirini na wawili, wengi wao wameshaota ndevu, kila mmoja mtoto wa mtu fulani na mjukuu wa mtu mkubwa zaidi. Wakajengewa bweni moja refu la udongo na nyasi. Mchoro uliotoka bomani ulionyesha madirisha sita. Mwalimu mkuu aliyapunguza yakawa mawili, kwa sababu madirisha sita yangetazama njia ya kisimani, na njia ya kisimani ilikuwa na wasichana.

Ndani mlikuwa na ulalo mmoja wa miti kutoka ukuta hadi ukuta, umetandikwa nyasi. Vijana walilala humo bega kwa bega, mwana wa mtawala akipumulia kisogoni mwa mwana wa mtawala mwingine. Palikuwa na kiko kimoja cha tumbaku kilichozunguka, na juu ya dari ya nyasi palikuwa na kibuyu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, chenye mrija mmoja wa tete. Mimi nililala pembeni, nyuma ya kiambaza cha matete, ili niwazuie kunywa. Nao, ili nisiwe na uso wa kuwasema, walinikaribisha kwenye mrija mara kwa mara, na mara kwa mara nilikosa njia ya heshima ya kukataa.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa pwani, mzee nadhifu wa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, ambaye hakuwa na imani na jambo lolote ambalo halijaandikwa. Tulipomzika yule wa kwanza, aliketi siku nzima akatunga kanuni. Madirisha mawili yazibwe kwa majani ya migomba, baridi isiingie. Vijana walale karibu zaidi, wapashane joto. Na kila asubuhi pawe na mazoezi ya shingo.

Nakiri kwamba mwanzoni mazoezi yale yaliniingia akilini. Hoja ya mzee ilikuwa kwamba ugonjwa unashika shingo zilizo goigoi, kama kutu inavyoshika jembe lisilolima. Basi kila asubuhi vijana walipangwa mstari mbele ya bweni.

"Kidevu, kifuani. Moja. Juu. Kidevu, kifuani. Mbili."

Asubuhi ya sita, kijana mmoja mnene, mpole, mwenye hati nzuri kuliko yangu, hakuinama.

"Wewe, mbona hushuki?"

"Shingo imekataa, mwalimu."

"Shingo ni yako au ya jirani?"

"Ni yangu, mwalimu, ila leo hainisikii."

"Itakusikia," mwalimu mkuu akasema, akamsimamisha juani peke yake mpaka shingo ipate adabu. Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa chini, anatapika, amefunika macho kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu aliandika katika daftari la mahudhurio: utovu wa nidhamu, baadaye ugonjwa. Kijana yule hakufa. Alibaki kitandani muda mrefu, na alipoanza kupona tukagundua kwamba masikio yake hayasikii kitu.

Lakini kabla hajaanguka yeye, katika zile siku sita, lilitokea jambo ambalo hakuna kanuni iliyolitazamia.

Kiongozi wa bweni alikuwa kijana kutoka Mabira, mrefu, mkubwa kuliko wote, mwenye masharubu ambayo mimi mwalimu wake sikuwa nayo. Alikuwa na ulimi mwepesi, na aliniita Bwana Cheti kila nilipompa kisogo. Siku mbili baada ya mazishi alinifuata alasiri, akaniita waitu, kama mtu anayemwita bwana wake, kwa adabu iliyonitia hofu.

"Waitu, mwalimu msaidizi, njoo nyuma ya bweni ule kahawa."

Huku kwetu kahawa hailiwi hivihivi. Tunda la buni likichemshwa na kukaushwa hutafunwa, na mgeni hupewa kwanza kabla ya maneno. Lakini ndani ya tunda moja mna kokwa mbili zilizokumbatiana, na watu wawili wakitaka undugu wa kufa na kuzikana, huo unaoitwa omukago, kila mmoja huchanja ngozi, hupaka kokwa moja damu yake na kumpa mwenzake aimeze. Tangu hapo mama yake ni mama yako na nyumba yake ni nyumba yako.

Nyuma ya bweni niliwakuta wote wamekaa duara. Kijana wa Mabira akanieleza. Usiku wa kwanza wa ugonjwa, wengine walikuwa wamemhama marehemu, wakajibanza mlangoni. Aibu hiyo imewauma. Sasa wote watakula omukago, kila mmoja na kila mmoja, ili asiwepo tena wa kumkimbia mwenzake.

"Watu ishirini na mmoja," nikasema. "Mtachanjana mara ngapi?"

"Hatuchanjani. Kanuni ya shule inakataza kisu. Kwa hiyo damu tumeiahirisha, tunatumia mate. Unaiweka kokwa mdomoni, unailowesha vizuri, unampa mwenzako."

"Omukago wa mate sijapata kuusikia."

"Hata shule babu zetu hawakuisikia, na tumo ndani yake."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwalimu msaidizi anaogopa tutamwambukiza ujinga." Mwingine akajibu, "Huo anao wake." Kijana wa Mabira alikuwa ameshanyoosha mkono, na kiganjani kokwa ilikuwa inang'aa.

Nilifikiria mambo mengi katika muda mfupi. Kukataa kahawa ya omukago ni kumwambia mtu kwamba hafai kuwa mtu wako. Kuikubali ni kuwa ndugu wa wanafunzi wangu, na kisha nitawaadhibuje? Nilifikiria pia cheo, kinyaa, desturi, na kama pwani wangenicheka. Kuhusu ugonjwa sikufikiria hata kidogo. Nikaimeza, nikalowesha yangu, nikampa. Kisha nikaenda kwa aliyefuata. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa nimebadilishana mate na watawala wote wa kesho, kuanzia mto Kagera mpaka ziwani.

Baada ya yule mnene kuanguka, niliandika barua kwa daktari Mjerumani wa Bukoba, mwalimu mkuu akaitia sahihi. Daktari hakuweza kuja, alikuwa ufukweni na wagonjwa wa malale. Lakini alijibu, kwa Kijerumani, kwa penseli, karatasi mbili. Niliisoma mara nne, mara ya kwanza kwa maana na mara tatu kwa hofu.

Alisema kwamba ugonjwa huu unaletwa na vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinakaa puani na kooni, na vinapita kwa pumzi ya karibu na kwa mate. Vinapenda watu wengi waliolala katika nyumba moja iliyofungwa. Na watu wengi wanaovibeba ni wazima kabisa, hawaumwi, hawajijui. Fungueni madirisha, aliandika, walazeni mbalimbali, kila mtu na chombo chake, na msimruhusu hata mmoja kuondoka mpaka zipite siku ishirini bila mgonjwa mpya.

Niliketi juu ya gogo nikiwa na barua mkononi. Kama mtu angetaka kuchukua kila neno la daktari na kulifanya kinyume chake, kwa bidii, kwa utaratibu, asubuhi na jioni, asingeishinda shule yetu.

Nikampelekea mwalimu mkuu barua pamoja na tafsiri yangu. Aliisoma tafsiri mpaka mwisho, akaigeuza barua nyuma, akaigeuza mbele.

"Muhuri uko wapi?"

"Ni barua ya daktari, mwalimu. Ameiandika akiwa ufukweni."

"Naona penseli. Sioni muhuri. Bila muhuri hili ni wazo la mtu."

"Lakini vijana wanaweza kufa."

"Wanaweza. Na nikibomoa ukuta wa serikali kwa wazo la mtu, nitajibu nini? Mwandikie arudishe ikiwa na muhuri."

Kwenda siku tano, kurudi siku tano, na daktari kutafutwa ufukweni siku nisizozijua. Niliandika barua hiyo. Naona aibu kusema kwamba niliiandika kwa hati nzuri sana.

Aliyenifungua macho, au tuseme aliyeyafungua kwa nguvu, alikuwa mama wa dukani. Duka lake la chumvi, sindano na kaniki lilikuwa karibu na shule. Alizaliwa hukuhuku Karagwe, lakini baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pwani aliyekuja na misafara ya pembe, na mama huyu alikisema Kiswahili cha pwani kwa namna ya kutufanya sisi wengine tujisikie tumekiokota njiani. Nilikwenda kununua uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Wewe nawe una shingo?"

"Sina, mama. Nina mawazo tu."

"Hayo ndiyo yatakayokuua, tena polepole. Kaa."

Nikakaa, nikamweleza yote: mpagazi, kata, kahawa, barua, muhuri. Alisikiliza huku anapima kitambaa kwa mkono wake.

"Mwaka wa ndui," akasema, "baba alikuwa na wapagazi arobaini. Alipoona wa kwanza ana vipele, aliwatawanya wote juu ya mgongo wa kilima, kila mtu na kibanda chake, kila mtu na kibuyu chake. Wakamtukana kwa lugha zote za njiani. Walikufa wanne. Kambi ya jirani yake walikaa pamoja kwa ajili ya mapenzi, wakaisha karibu wote. Baba hakujua Kijerumani hata neno moja."

"Lakini mama, ndui na ugonjwa huu si kitu kimoja. Tena sijui kwa hakika kama ni mimi niliyeuleta, au msafara wa ngozi, au ile arusi—"

"Nani amekuuliza ni nani?" akanikata. "Nyumba inaungua, wewe unatafuta aliyekuja na kijinga cha moto. Nenda. Uzi wako huu hapa."

Nikaenda, nikiwa nimeazimia. Azimio lilidumu mpaka langoni mwa shule, ambako nilimkuta mgonjwa wa tatu anapelekwa ndani, na mwalimu mkuu amesimama na uamuzi wake.

Uamuzi ulikuwa kuwarudisha vijana wote makwao, kesho yake asubuhi. Alinieleza sababu faraghani, bila haya, kama mtu anayeeleza kanuni ya kugawanya. Mwanafunzi akifia shuleni, ni kifo cha shule. Mwanafunzi akifia kwao, ni kifo cha kwao. Wagonjwa wawili watabebwa kwa machela, ili omukago wao usivunjike, maana vijana walikuwa wameshamwambia kwamba hawataondoka na kumwacha mgonjwa. Kila mtu amepata alichotaka. Kwa hili, nikamkumbusha, hakuna muhuri. Akasema kufunga shule kumo katika mamlaka yake, kufungua dirisha hakumo.

Nilitunga hotuba tatu. Moja ya sayansi, moja ya dini, moja ya kumsihi tu. Kulipokucha nilikuwa nimezisahihisha zote kiasi kwamba sikukumbuka hata moja.

Vijana walikuwa langoni wamefunga mizigo, wachangamfu, wanataniana nani mama yake atalia zaidi kwa furaha. Kijana wa Mabira alikuwa na kifurushi cha chumvi alichonunua dukani kwa ajili ya mama yake. Nilijua, kwa kuwa aliwahi kunisimulia, kwamba kwao wako wadogo zake sita na wote wanakula chungu kimoja. Wengine walikuwa wanakwenda kwenye nyumba za namna hiyohiyo, njia ishirini tofauti, vilima vyote vya Karagwe na vya ng'ambo. Nikasimama katikati ya lango. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nadhani ni mimi niliyewaletea ugonjwa huu."

Kijana wa Mabira akaushusha mzigo wake begani.

"Unadhani, mwalimu, au unajua?"

"Nadhani. Huenda ni mimi. Huenda ni wewe. Daktari amesema anayeubeba hajijui, na unakwenda kwa mate na kwa pumzi. Ile kahawa ndiyo iliyotuzungushia."

"Kahawa ya omukago iue watu?"

"Kahawa haina kosa. Mate ndiyo yaliyobeba."

"Sasa kama hujui ni nani, si ungenyamaza twende zetu?"

"Kesho jioni utakuwa Mabira," nikasema. "Utatafuna kahawa, utampa mama yako kutoka mkononi mwako. Utalala na wadogo zako. Tulikula omukago, mimi na wewe. Mama yako ni mama yangu. Mimi simpelekei mama yangu ugonjwa wa shingo."

"Ule ulikuwa nusu omukago, waitu. Ulikuwa wa mate."

"Nusu au nzima, niliumeza. Kama ulikuwa mchezo, niambie, nikupishe njia."

Niliona anatafuta mzaha, na niliona anaukosa. Hakuna kijana wa huku anayeweza kusema mbele ya watu ishirini kwamba omukago wake ulikuwa mchezo. Akaukalia mzigo wake.

"Siku ngapi?"

"Ishirini, bila mgonjwa mpya."

"Na tutakaa wapi? Humo ndani?"

"Hapana. Humo ndani ndimo ugonjwa ulimotuzungukia."

Mmoja nyuma akanung'unika kwamba baba yake ameshachinja. Mwenzake akamwambia, "Atamla peke yake huyo mbuzi, atatushukuru." Mmoja baada ya mwingine mizigo ikawekwa chini. Mwalimu mkuu alikuja na daftari kwapani, akauliza kwa nini watu hawaendi. Akaambiwa wanabaki. Akasema hawana ruhusa ya kubaki, maana ameshawaandika kuwa wameondoka.

Kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Bukoba sikuwa na hoja ya upande wa pili. Nilikwenda stoo nikachukua jembe, nikazunguka upande wa bweni unaotazama njia ya kisimani, na kwenye ile nafasi ambapo mchoro wa bomani ulionyesha dirisha, nikaupiga ukuta. Udongo ulikuwa mkavu, ukaanguka kwa vipande vikubwa.

"Hiyo ni mali ya serikali," mwalimu mkuu akasema nyuma yangu.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nitakuandika jina."

"Andika, mwalimu."

Nilitoboa matundu manne, wagonjwa wapate hewa, na mimi na wawili wengine tukagawana zamu za kuwahudumia, tumejifunga vitambaa midomoni, vijana wakituita wanawali. Kisha nikachukua panga, nikapanda mgongo wa kilima ulio juu ya shule, nikakata miti minne na mzigo wa nyasi. Kijana wa Mabira alinifuata, akanipita, akahesabu hatua kumi kwa miguu yake mirefu, akageuka kuniuliza kama zinatosha. Nikamwambia aongeze tano. Akaongeza, akaweka alama kwa kisigino, na sote wawili, kila mtu mahali pake, tukaanza kuchimba mashimo ya nguzo.